Anayenunua bunduki ya ndege na anunue kisu kwanza

Mpwa wangu anayeishi Marekani, katika jimbo la South Dakota, alikuja kututembelea hivi karibuni. Usiku mmoja baada ya sala ya isha tulikuwa barazani, kahawa inazunguka na sahani ya kashata iko kati, naye akatoa simu mfukoni akaanza kutuonyesha picha. Tulidhani ni picha za nyumba au gari. Kumbe ni bunduki.

"Mjomba," akaniambia, "wenzangu kazini hunialika kuwinda ndege kila Oktoba. Mwaka huu nataka niwe na yangu. Kati ya hizi nichukue ipi?"

Baraza likagawanyika papo hapo. Mzee mmoja alisema bunduki si mambo yetu, huo ni mchezo wa Wazungu wenye mashamba. Kijana wa jirani akasema achukue ile inayopiga risasi tano mfululizo bila kupakia, maana pesa anazo. Na mwalimu wa chuo, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali moja tu: "Na nyama yake utaila?"

Mpwa wangu alinyamaza. Alikwisha kuhesabu bei, rangi ya mbao na idadi ya risasi, lakini hilo hakulihesabu.

Nusu ya jibu nilimpa usiku uleule. Nusu ya pili naiandika hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake. Vijana wetu wametawanyika duniani, na katika nchi nyingi walizofikia kuwinda ndege ni jambo la kawaida, lina leseni yake na majira yake, kama sisi tulivyo na majira ya kuvua. Akialikwa, kijana hujikuta dukani mbele ya ukuta mzima wa bunduki, na muuzaji ambaye hajui kuchinja ni nini.

Nisidhaniwe kuwa mimi ni mwindaji. Sijapata kumiliki bunduki hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kisu.

Mnamo 1986, nilipokuwa na umri wa miaka 17, mtaani petu palikuwa na mzee mwenye duka la vyombo ambaye alikuwa na leseni ya kuwinda ndege. Uwindaji wa wanyama ulikwisha kupigwa marufuku nchini tangu 1977, lakini ndege kama kanga na kwale waliendelea kuwindwa kwa leseni miaka iliyofuata. Mzee huyo alikuwa na macho na alikuwa na shabaha, ila magoti yalimsaliti. Basi akanichukua mimi niwe miguu yake. Tulikwenda bara ya Malindi wakati wa kiangazi, alfajiri. Yeye hupiga, ndege huanguka, nami hutoka mbio miibani na kisu mkononi nimuwahi kabla roho haijatoka. Kwa kukimbia huko niliijua bunduki kwa upande ambao mpigaji haujui sana, nao ni upande wa ndege.

Niliona aliyepigwa karibu mno, kifua kimekuwa kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Niliona aliyepigwa mbali mno, marisau mawili matatu tu yamempata, amevunjika bawa lakini miguu mizima. Na kanga mwenye miguu mizima, msomaji, humshindi kwa mbio. Siku moja nilimtafuta mmoja wa namna hiyo tangu saa moja hadi jua likapanda utosini, nisimwone. Mzee hakunikaripia. Alikaa kwenye gari kimya, na siku ile hakupiga tena. Niliporudi alisema alijua ni mbali, na alivuta kwa uroho.

Sasa nirudi kwenye swali la mwalimu, maana ndilo linalochagua bunduki, si rangi ya mbao.

Neno lenyewe "bunduki" tumelipata kutoka Kiarabu, nalo lina historia ya kuchekesha. Bunduq kwanza ni aina ya lozi ndogo ya mviringo. Kisha likawa jina la gololi za udongo zilizorushwa kwa upinde kuulia ndege. Mwishowe, baruti ilipokuja, likahamia kwenye chombo cha moto. Kwa hiyo mtu akifungua kitabu cha fikihi cha zamani akakuta kwamba mawindo yaliyouawa kwa bunduq hayaliwi, asidhani mwandishi alikuwa anazungumzia bunduki ya dukani. Alikuwa na gololi ya udongo akilini. Hoja yao ilikuwa kwamba gololi huua kwa uzito wake, kama jiwe au rungu, haichani wala haitoboi, na mnyama aliyekufa kwa kipigo ametajwa katika Suratul Maida pamoja na vilivyoharamishwa. Msingi mwingine ni mafundisho yaliyopokewa kwa Adiy bin Hatim kuhusu mshale usio na manyoya: ukipata kwa ncha, kula; ukipata kwa ubavu, usile.

Baruti ilipoenea, wanazuoni wakalazimika kuuliza upya: je, kipande cha risasi kinachokwenda kwa kasi ile kinatoboa au kinaponda? Hapo hawakukubaliana. Wanazuoni wa Kimaliki wa zama za baadaye waliruhusu. Al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, naye aliona kwamba kinatoboa, basi ni halali mtu akitaja jina la Mungu wakati wa kupiga. Wengine, wakiwemo Mahanafi wakubwa, walishikilia kwamba ni nguvu na moto, si makali. Na sisi watu wa pwani ni Mashafi, na vitabu vyetu ni vizito katika jambo hili la kitu kisichokuwa na makali.

Mimi si mufti, na gazeti si mahali pa kutolea fatwa. Kila mtu na amuulize shehe wake. Ila liko jambo moja ambalo sijasikia mtu akilibishia: ukimfikia ndege angali na uhai kamili, si ule mtikisiko wa mwisho, ukamchinja, umetoka katika hitilafu yote hiyo. Mzee wangu alifuata njia hiyo. Waliokuwa wamekufa kabla kisu hakijafika hakuwapeleka nyumbani kwake, aliwaachia wenyeji wasiokuwa Waislamu waliotuonyesha njia. Na bismillahi aliisema kila alipovuta, kwa sauti, hata ukiwa hatua 10 nyuma unaisikia. Aliyeanguka kwenye dimbwi la maji pia aliachwa, kwani hujui amekufa kwa marisau au kwa maji.

Ukishaukubali msingi huo, mengi ya dukani yanajiamua yenyewe.

Chukua geji. Hii ni hesabu ya kizamani. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa mafungu 12 sawasawa, kila fungu likafanywa gololi, mtutu unaopitisha gololi hiyo barabara ndio wa geji 12, upana kama milimita 18.5. Gawanya mafungu 20, gololi inakuwa ndogo, na mtutu unakuwa kama milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda bunduki hupungua, jambo linalowachanganya wageni wote. Muuzaji atakusukumia geji 12 yenye risasi nene za nguvu, akisema ndiyo ya wanaume. Mimi nilimwambia mpwa wangu achukue 20, mitutu miwili, uzito usiozidi kilo 3. Mwindaji wa ndege hutembea kutwa nzima katika majani, na ndege huruka dakika ile ambayo umechoka. Bunduki nzito wakati huo huchelewa kufika begani, na aliyechelewa humpiga ndege mkiani akienda zake, nako ndiko wanakotoka wale majeruhi wangu wa miibani.

Yuko atakayesema geji 12 hurusha marisau mengi zaidi, basi huua kwa uhakika zaidi. Ni kweli, na kwa ndege wa mbali ana hoja. Lakini nani amekuambia upige ndege wa mbali?

Ama ile ya kujipakia yenyewe, inayotema tano, sina chuki nayo. Nakiri hata teke lake begani huwa laini zaidi. Tatizo langu ni risasi ya tatu, ya nne na ya tano. Ndege akishtuka majanini yuko hatua 15 au 20 kutoka kwako. Risasi ya kwanza inamkuta karibu, ya pili inamkuta katikati. Ya tatu inamkuta kwaheri. Tena South Dakota sheria humruhusu mtu madume 3 tu kwa siku ya yule ndege wanayemwinda zaidi, fesanti, jamaa ya kuku aliyeletwa Marekani kutoka Uchina, dume lake lina shingo ya kijani na pete nyeupe na mkia mrefu. Majike hayaguswi. Basi mtu mwenye ruhusa ya ndege 3 kwa siku nzima anataka risasi 5 kwa nukta moja za nini? Mitutu miwili humlazimisha mtu kufikiri, na ukiivunja katikati kila mwenzako huona kuwa haina kitu ndani, ukiruka mfereji au ukipita chini ya waya wa ua.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi kabisa ni mdomo wa mtutu. Mitutu mingi ya marisau hubanwa kidogo mwishoni, na mbano huo, ambao mafundi huuita choki, ndio unaoamua marisau yatawanyike upesi au yaende pamoja. Kipimo chao ni duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Mtutu uliobanwa sana hutia ndani ya duara hilo kama marisau 70 kati ya 100, uliobanwa kidogo kama 50. Mtu husikia 70 akaona ndiyo bora. Lakini kwa ndege aliye yadi 20, mtutu uliobanwa sana hutoa fundo dogo la marisau: ama umkose mzima, ama umkute wote uwe huna nyama wala cha kuchinja. Wale vifua vilivyotafunwa niliowataja walitoka huko. Mitutu miwili ina faida hapa, kwani wa kwanza waweza kuwa wazi na wa pili ukabanwa kiasi, na unachagua kwa kidole.

Marisau nayo yana namba, na nayo pia huenda kinyume: namba kubwa, punje ndogo. Namba 6 ya Marekani ni punje ya karibu milimita 2.8, na aunsi moja ina kama punje 225. Namba 6 ya Uingereza ni ndogo zaidi, kama milimita 2.6, na aunsi yake ina kama 270. Kwa hiyo anayefuata ushauri wa mzee aliyezoea risasi za Kiingereza asome kipimo kilichoandikwa kisandukuni, asitegemee namba tupu. Kwa fesanti, ambaye ni ndege mgumu, aunsi moja ya namba 5 au 6 inatosha. Kwa ndege wadogo kama kwale, namba 7 na nusu. Punje ndogo mno kwa ndege mkubwa humjeruhi bila kumwangusha.

Hapa niseme la hatari, maana si la utani. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12, hutumbukia ndani ya mtutu na kukwama mbele kidogo, usiione. Mtu hudhani hakutia kitu, anatia ya geji 12 nyuma yake, anavuta. Mtutu hupasuka mbele ya mkono wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo risasi za geji 20 Marekani hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki mbili za geji mbalimbali isichanganye risasi katika mfuko mmoja hata siku moja. Na urefu pia: bunduki kuukuu iliyochongewa risasi ya milimita 65 isipewe ya milimita 70 au 76, ingawa huingia bila kulalamika. Ganda likifunguka hukosa nafasi, na nguvu ya baruti huzidi kipimo cha chuma.

Kuhusu kupiga, sina mengi. Bunduki ya marisau hailengwi kama bunduki ya risasi moja. Macho hubaki kwa ndege, si kwenye mtutu, kitako kinafika shavuni kwanza ndipo begani, na mikono inamfuata ndege, inampita, ndipo kidole kinavuta bila mikono kusimama. Anayesimamisha mikono hupiga mahali ndege alipokuwa. Marisau huchukua kama sehemu moja ya kumi ya nukta kwenda mita 30. Ni muda mdogo, lakini ndege mwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa huwa amekwisha kusogea zaidi ya mita moja na nusu. Na ujue jicho lako kuu ni lipi, kwani mtu anayetumia bega la kulia ilhali jicho lake kuu ni la kushoto atakosa mwaka mzima akilaumu bunduki.

Mzee alikuwa na mti wake. Kila tulipofika alihesabu hatua 35 kutoka aliposimama, akachagua mti au kichuguu, akasema, "Mpaka pale." Ndege aliyeruka nyuma ya mti ule alisalimika, hata awe mnene vipi. Ndege aliyeruka chini chini usawa wa kichaka alisalimika pia, kwani mimi nilikuwa huko mbele. Mpwa wangu akienda na wenzake na mbwa wao, afuate hilo hilo: hakuna anga nyuma ya ndege, hakuna risasi.

Mbwa, naam. Waliuliza barazani. Mbwa aliyefunzwa ametajwa katika Kurani kwa uwindaji, basi asiogope kutembea naye. Kwa sisi Mashafi, pale aliposhika kwa meno huoshwa kwa maji na udongo. Lakini kwa kawaida mbwa wa ndege kazi yake ni kuonyesha na kuleta, na akimleta ndege hai mdomoni amekufanyia kazi ile niliyokuwa nikiifanya mimi, tena kwa mbio kuliko zangu.

Liko jingine ambalo zamani hatukulijua. Lugha yetu inatumia neno moja, risasi, kwa kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe, na madini hayo ni sumu. Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini hayo kwa uwindaji wa mabata nchi nzima tangu 1991, na jimbo la California likayakataza kwa uwindaji wote tangu 2019. South Dakota yamekatazwa katika baadhi ya ardhi za umma. Badala yake hutumiwa chuma. Chuma ni chepesi, kwa hiyo punje ziwe kubwa kwa namba mbili kuliko zile za zamani, na zisipitishwe katika bunduki kongwe ya urithi yenye mtutu mwembamba uliobanwa. Ningekuwa mimi ningetumia chuma hata pasipolazimishwa, kwa sababu mlaji wa mwisho wa ndege yule ni mtoto, na kipande kidogo cha madini hakionekani ndani ya mchuzi.

Na ninyi mlioko hapa nyumbani, msije mkakata gazeti hili mkamwonyesha askari. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014, imefanya uwindaji wa starehe kuwa kosa Kenya, na hilo linawahusu kanga na kwale kama linavyomhusu ndovu. Nasikia watu wakisema ndege ni kitu kidogo, serikali haimtazami. Huo ni uongo wa kujipa moyo. Na bunduki ya marehemu iliyomo kabatini, imefungwa kwa kanga kuukuu, cheti chake kilikuwa cha marehemu, hakirithiwi pamoja na bakora yake. Ipelekwe polisi. Sioni haya kusema kwamba naiunga mkono sheria hii, ingawa ilifunga mlango wa mambo niliyoyapenda. Nimepita njia zile za bara ya Malindi miaka ya karibuni, na sauti za kanga alfajiri si kama zile za 1986.

Yule mzee wa barazani aliyesema bunduki si mambo yetu hakuridhika na maelezo yangu. Aliniuliza kwa nini mtu aue ndege ilhali duka la kuku liko karibu na nyumba yake. Swali lake zuri kuliko alivyodhani, maana dini imekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Jibu langu ni kwamba anayekwenda kwa ajili ya picha na kelele abaki nyumbani anunue kuku. Anayekwenda kuleta chakula, akala alichokipiga, akaacha asichokiweza, huyo yumo katika halali. Mzee alitikisa kichwa. Hatukukubaliana, na kahawa ilikuwa imepoa.

Mpwa wangu amekwisha kurudi. Ameniandikia kuwa amepata bunduki ya mitutu miwili ya geji 20, iliyotumika, kwa bei ya chini kuliko ile ya risasi tano, na kwamba sheria ya kule inataka ndege abaki na kichwa, au bawa lenye manyoya, au mguu mpaka afike nyumbani, ili askari wa wanyama ajue kuwa ni dume. Akauliza kama kumchinja kutamletea shida. Nilimjibu kuwa tukichinja hatutengi kichwa, basi wote wawili watapata haki yao. Siku alipoondoka nilimpa kile kisu changu cha 1986. Mpini nimeubadilisha mara mbili. Nilimwambia akitie katika sanduku kubwa linalokwenda chini ya ndege, si katika mkoba wa mkononi, wasije wakamnyang'anya.